Naungana na Wazee

Sauti iliyokuwa ikitoka kwenye spika ilikuwa ya fundi cherehani, na alikuwa anaeleza namna ya kukata kola ya shati. Hakuna la ajabu hapo. Kitambaa unakikunja hivi, chaki unaipitisha hapa, mkasi usiwe butu. Wageni kumi na wawili walikuwa wamekaa katika ukumbi wa Taasisi, jijini Mbeya, wakisikiliza habari za kola kwa tafsiri iliyonong'ona masikioni mwao, na wengine walishaanza kutazama nje ya dirisha, kule magari ya waya yalikokuwa yakipanda na kushuka mlima Loleza ndani ya ukungu. Ilipofika sekunde ya thelathini na nane, kidude cheusi kilichobandikwa ukutani, ukubwa wake kama kifuniko cha soda, kikabadili taa yake kutoka nyeupe kuwa rangi ya chungwa.

"Hapo," alisema Mhandisi Tulinagwe Mwakalinga. "Amesikika."

Wageni walitazamana. Hakuna aliyekuwa amesikia kitu.

"Rekodi hii ya kufundishia ushonaji aliirekodi mwenyewe miaka mitatu iliyopita," aliendelea. "Mkewe hakuwa ameona tofauti yoyote. Wateja wake pia. Miezi miwili baadaye angeanza kusikia watu wasiokuwepo. Lakini hakufika huko. Fundi, simama wakuone."

Mwanamume mrefu aliyekuwa amekaa safu ya mbele alisimama, akainamisha kichwa kwa haya, akakaa tena. Shati lake lilikuwa na kola safi kabisa. Wageni wakapiga makofi.

Chombo kile kiliitwa kitegasikio, na Tulinagwe ndiye aliyekibuni. Hakisikilizi unachosema, kinasikiliza unavyosema. Hiyo ndiyo sentensi aliyokuwa ameirudia katika nchi ishirini na sita mpaka akawa anaisema akiwa anawaza mambo mengine. Mtu anapoanza kuugua saikosisi, ugonjwa ule unaomfanya asikie sauti ambazo wengine hawazisikii na aamini mambo ambayo hayapo, viungo vya maneno yake huanza kulegea mapema sana, kabla yeye au mama yake hawajashtuka. Pumzi inaingia mahali pasipo pake. "Kwa hiyo" inaunganisha mambo ambayo hayakuhitaji kuunganishwa. Kitegasikio hupima viungo hivyo, na maneno yenyewe hayahifadhiwi popote, ili asitokee mtu wa kusema kwamba serikali inapeleleza sebule za watu. Sasa vilikuwa vimebandikwa kila mahali, masokoni, makanisani, misikitini, majumbani, hadi kwenye mabweni ya wanafunzi.

Na vilihitajika. Kabla havijaja, mgonjwa wa nchi tajiri alikaa miezi bila dawa, na mgonjwa wa nchi kama yetu alikaa miaka. Alizungushwa kwa waganga, akaombewa, akafungiwa chumba cha uani, na siku anafikishwa hospitali ugonjwa ulikuwa umeshakula sehemu kubwa ya mtu. Siku hizi dawa ilikuwa kiraka cha kubandika mkononi, kimoja kwa mwezi, na kila zahanati ilikuwa navyo vingi hadi milango ya kabati haifungi. Waliobandikwa ndani ya siku mia moja za kwanza, tisa kati ya kumi walirudi kama walivyokuwa. Waliobandikwa baada ya mwaka, watano. Waliozidi hapo, watu wa Taasisi hawakupenda kutaja idadi yao mbele ya wageni.

Mgeni mmoja alinyoosha mkono. Alikuwa daktari kutoka Bolivia, Marisol Quispe, mwanamke mfupi mwenye daftari la karatasi, kitu ambacho Tulinagwe hakuwa amekiona kwa muda mrefu.

"Ule ubao wenu wa takwimu ukutani unasema mgonjwa anasubiri siku nne tu," alisema. "Lakini maandishi madogo pale chini yanasema siku zinahesabiwa tangu familia iliporidhia. Kabla ya kuridhia zinapita ngapi?"

"Inategemea familia."

"Inategemea vipi?"

Tulinagwe alivuta pumzi. Kila ujumbe wa wageni ulikuwa na mtu mmoja wa namna hii. "Daktari, vitegasikio vya kwanza vilikuwa vinaita gari la wagonjwa moja kwa moja. Unajua kilichotokea? Familia zilivibandua zikavitupa mtoni. Kumi na saba kwa wiki moja. Walituambia, mmemwita mwanetu kichaa mbele ya majirani, sisi mmetuuliza? Na walikuwa na haki. Hapa kwetu mtu ana ukoo. Kwa hiyo nikatengeneza sehemu tunayoiita Adabu. Kitegasikio kikisikia jambo, kinakwenda kwanza kwa watu saba wa karibu, kinawasalimia, kinawauliza. Wakiwa na maelezo, kinawapa siku tisini, halafu kinauliza tena. Tangu hapo hakuna hata kimoja kilichotupwa."

Kwa kawaida hapa ndipo watu walipopiga makofi. Yule daktari hakupiga. Aliandika kitu kwenye daftari lake, akapigia mstari, na Tulinagwe akajikuta anachukia ule mstari bila kujua umepigwa chini ya nini.

Simu yake ya kifundo cha mkono ikatetemeka. Alikuwa dada yake, Subilaga.

"Tuli, unakuja kwenye kikao? Shemeji yako Ambakisye ameshafika."

"Kikao gani, dada?"

"Cha Gwakisa."

"Gwakisa ana nini?"

"Si unajua."

"Sijui. Ana nini?"

"Njoo tu," alisema Subilaga, akakata.

Gwakisa alikuwa mtoto pekee wa Subilaga, miaka ishirini na miwili, mwanafunzi wa hisabati. Utotoni alikuwa akimsahihishia Tulinagwe, mama yake mdogo, hesabu za kazini kwa penseli nyekundu, bila kuombwa. Tulinagwe alijaribu kukumbuka amemwona lini. Krismasi. Alikuwa amekonda, hakumaliza chakula, na yeye akamtania kwamba amependa. Halafu alikuwa na ndege ya kuwahi.

Aliwaachia wageni msaidizi wake, akaenda Uyole, nyumbani kwa dada yake.

Sasa, anayejua vikao vya ukoo anajua havianzi na jambo lenyewe. Tulinagwe alimpa shemeji yake shikamoo, naye mzee Ambakisye akaitikia marahaba kwa furaha ya kweli. Alikuwa kaka mkubwa wa marehemu mume wa Subilaga, dereva wa treni mstaafu kutoka enzi ambazo treni bado zilikuwa na madereva, na kwa kuwa mdogo wake alishafariki, yeye ndiye aliyekuwa baba wa nyumba ile. Akauliza habari za safari. Akauliza habari za kazi, na za wageni, na kama ni kweli Bolivia pia wana viazi. Chai ya tangawizi ikaletwa. Mahindi ya kuchemsha yakaletwa. Ndugu wengine wanne walikuwa kwenye kioo cha ukutani, kila mmoja kwenye kisanduku chake, nao wakasalimiwa mmoja mmoja na kuulizwa habari za watoto. Dakika arobaini zikaisha. Tulinagwe alikuwa amekaa kwenye ncha ya kiti na goti lake likitikisika lenyewe.

Juu ya mlango, mahali pa kitegasikio, palikuwa na sufuria. Ilikuwa imebandikwa ukutani kwa utepe wa gundi, kifudifudi.

"Hiyo sufuria inafanya nini pale?" aliuliza mwishowe.

"Ni Gwakisa," alisema Subilaga kwa sauti ya chini. "Anasema hicho kidude kinamsikiliza, kinapeleka habari zake kwa wazee."

Na kweli, hiyo ndiyo kazi hasa ya kile kidude.

"Na mwenyewe yuko wapi?"

"Uani, kwenye banda la kuku. Wiki ya tatu hii haongei akiwa ndani. Akitaka kitu anaandika."

"Wiki ya tatu, dada. Na mimi naishi mji huuhuu."

Mzee Ambakisye alikohoa kwa staha. "Ndiyo maana tumeitana, shemeji. Kitegasikio kimeuliza tena, na leo ndiyo siku ya kujibu."

"Tena?"

"Hii ni mara ya tisa."

Tulinagwe alinyoosha mkono, akachukua kibao cha familia, kile ambacho kitegasikio hupitishia maswali yake, kutoka mapajani mwa mzee. Alikijua kila kitufe chake, alikuwa amevipanga mwenyewe. Gwakisa alikuwa amesikika tarehe nane Julai, mwaka juzi. Siku mia saba na ishirini zilizopita. Chini yake yalikuwa mazungumzo, na alipoanza kuyasoma aliona uso unamwaka moto.

Kitegasikio kilikuwa kimeanza kwa kusalimia. Kikauliza kama kuna jambo la kifamilia linaloweza kueleza hali ya kijana. Mzee Ambakisye alikuwa amejibu kwamba wamefiwa, baba wa kijana hana hata miezi minne kaburini. Kikasema: Poleni sana. Tutarudi baada ya siku tisini. Kikarudi. Wakasema ni mitihani. Kikasema: Tunamtakia mafanikio. Kikarudi, wakasema kuna binti alikuwa amemchumbia, posa imevunjika, na hilo nalo kikalipokea, kikatoa pole. Wakasema amefunga kwa maombi. Wakasema alipata homa ya matumbo. Ameachishwa chuo kwa muda, hivyo ana mawazo. Mara ya saba walisema tu kwamba ni ukuaji, na kitegasikio kikashukuru kwa maelezo mazuri.

"Ukuaji," alisema Tulinagwe. "Mtoto wa miaka ishirini na mmoja, shemeji? Anakua kwenda wapi?"

"Ilikuwa ni neno tu. Tulishamaliza maneno."

"Mlishamaliza maneno. Na mimi mlikuwa mnanificha kwa nini? Ukoo mzima unajua kazi yangu. Watu wanatoka Bolivia kuja kuniuliza habari za ugonjwa huu, nyie mnakaa nao sebuleni miaka miwili mnaunywesha chai." Sauti ilikuwa imepanda na hakuweza kuishusha. "Hata simu moja, jamani. Hata dakika moja."

Subilaga alimtazama mdogo wake kwa mshangao mtupu. "Tukufiche wewe? Tuli, wewe si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo wapi?"

Mzee Ambakisye aliinama, akagusa sehemu ya chini ya kibao, pale penye orodha ya watu saba. Kila mara kitegasikio kilipouliza, saba wote waliulizwa. Jina la Tulinagwe lilikuwa la pili kutoka mwisho. Mbele yake, kwa mara zote nane, palikuwa na alama ya kijani na maneno matatu: Naungana na wazee.

Kitufe kile alikitengeneza yeye. Alikuwa amewaza wajukuu, mabinti, wakwe, watu ambao ingekuwa utovu wa adabu kuwalazimisha watoe sauti mbele ya wakubwa zao. Mguso mmoja, bila kufungua ujumbe, ili asisumbuliwe mtu aliye kazini. Na yeye alikuwa kazini. Ujumbe wa familia ulikuwa unaingia kwa siku labda thelathini, michango ya harusi, picha za watoto, nani amelazwa, nani ametoka, na kila ukiwa na kitufe kile alikuwa anakibonyeza na kuendelea. Alibonyeza uwanja wa ndege. Alibonyeza kanisani. Mara moja, alikumbuka vizuri kabisa, alibonyeza akiwa jukwaani, mkono nyuma ya mgongo, huku akieleza watu mia nne umuhimu wa siku mia moja za kwanza.

"Sisi tulikuwa tunakufuata wewe," alisema mzee Ambakisye. Hakuwa anamlaumu, na hilo ndilo lililokuwa gumu. "Mimi ni mtu wa treni. Kila nikijibu, nasema moyoni, kama nimekosea, Tulinagwe atapinga. Mashine ni yake. Naangalia, naona umeungana na sisi. Basi nalala. Wewe ukiungana, mimi nani nibishe?"

"Na mimi nilikuwa nawafuata ninyi, bila hata kusoma," alisema Tulinagwe.

Subilaga alianza kulia bila sauti. Mama huyu hakuwa mzembe. Alikuwa amemwogesha mwanawe, amemlisha, amekesha naye, na kila alipoogopa alifungua kibao akaona alama ya kijani ya mdogo wake msomi, akatulia.

"Tujibu sasa hivi," alisema Tulinagwe. "Wote. Bonyezeni ndiyo."

Hakuna aliyepinga. Hiyo nayo ilimuudhi, jinsi ilivyokuwa rahisi. Vidole sita viligusa, alama sita zikatokea. Yeye akagusa ya saba. Kibao kikafikiri kidogo, halafu sauti tamu ya kike ikasema kutoka chini ya sufuria:

"Habari za leo, Tulinagwe. Kwa kuwa umetoa jibu moja mara nane mfululizo, tumelihifadhi kuwa msimamo wako. Ukitaka kubadili msimamo, tafadhali subiri siku kumi na nne, ili kuepusha uamuzi wa hasira. Tunakuheshimu."

Wote waliinua macho kwenye sufuria.

"Nani aliyeandika upuuzi huo?" aliuliza mzee Ambakisye.

"Mimi."

Akajaribu tena. Sauti ikamheshimu tena. Aliwaza kupiga Taasisi, akakumbuka kwamba hakuna mtu Taasisi, hata yeye, aliyekuwa na ufunguo wa faili la ukoo wowote. Alikuwa amelipigania hilo miezi sita, bosi mkubwa asije akajiingiza kwenye mambo ya familia za watu. Siku kumi na nne kwa mtu aliyekwisha kusubiri mia saba na ishirini. Alitamani kuchukua mchi akiponde kile kidude pamoja na sufuria yake.

Badala yake alipiga zahanati ya mtaa. Akapokea muuguzi, Jestina Sanga, kwa sauti ya mtu anayetafuna kitu. Tulinagwe alimweleza yote kwa pumzi moja.

"Ana umri gani?" aliuliza muuguzi.

"Ishirini na miwili."

"Anasemaje?"

"Nani?"

"Mgonjwa, mama. Mgonjwa mwenyewe anasemaje?"

Tulinagwe alimtazama dada yake. Subilaga akamtazama shemeji. Kwenye kioo, visanduku vinne vilitazama chini. Katika maswali yote tisa, kwa watu wote saba, hakuna mahali palipokuwa na swali hilo, na hakuna mtu aliyekuwa amelikumbuka.

"Sheria ya zamani bado ipo," alisema muuguzi. "Mtu mzima akija kwa miguu yake akaomba, mimi nambandika kiraka, simuulizi shangazi wala mjomba. Ila hawaji. Siku hizi kila mtu anasubiri mashine imlete. Kabati limejaa hapa, njooni."

Banda la kuku lilikuwa nyuma ya nyumba, la bati, na ndani yake roboti la kulishia kuku lilikuwa limezimwa na kugeuzwa uso ukutani. Gwakisa alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, amevaa sweta mbili. Alikuwa mwembamba kuliko Krismasi. Macho yalikuwa yaleyale, na Tulinagwe alishindwa kuyatazama kwa muda.

"Vuta mlango, mama mdogo," alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kutotumika. "Hapa panafaa. Kuku hawapeleki habari."

Akavuta mlango, akachuchumaa mbele yake kwenye pumba. "Gwakisa, nimekuja kukuuliza kitu. Unataka kutibiwa?"

Alichelewa kujibu. Midomo ilicheza kama anamjibu mtu mwingine kwanza. "Kuna mmoja ananisomea hesabu zangu," alisema. "Anasoma kwa sauti kubwa halafu anakosea kwa makusudi. Nikimsahihisha anaanza upya. Na yale maroboti ya kufagia barabarani, yanafagia kwa herufi za jina langu, kwa hiyo Mei haikufika vizuri." Aliishia hapo, akafunga macho, na ilionekana anapambana kushika uzi. "Nataka anyamaze. Ndiyo. Nataka."

"Basi twende. Tutatembea kwa miguu. Utamwambia muuguzi hivyo hivyo."

"Kwa miguu, sawa. Magari ya waya yana masikio."

"Yana masikio, kweli," alisema Tulinagwe. Hakutaka kumdanganya tena hata kwa jambo dogo.

Walitembea wanne, kilomita moja na nusu, jua la mchana likiwa halina nguvu na baridi ya Juni ikipenya kwenye shingo. Gwakisa alipita mbali na kila ukuta. Mzee Ambakisye alikuwa upande wake wa barabara bila kusema kitu, na roboti la kufagia lilipotokea kwenye kona, mzee alikwenda mbele akasimama katikati ya njia na mikono yake kiunoni mpaka likageuka na kurudi lilikotoka. Gwakisa aliona. Akasema, "Asante, baba mkubwa."

Muuguzi Jestina alikuwa mama mnene wa makamo. Alipomwona kijana anasita mlangoni, aliinua macho, akaona anachokitazama, akavua sweta lake na kulitundika juu ya kitegasikio cha chumba bila kuuliza. Gwakisa akaingia, akakaa. Tulinagwe, mwenye shahada tatu na kitufe chake duniani kote, alisimama kando ya mizani na mkoba wake mikononi.

"Umekuja mwenyewe?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Unaomba nini?"

Gwakisa alieleza, vipande vipande, habari za yule anayekosea hesabu. Muuguzi alisikiliza hadi mwisho, bila haraka, na kila alichosema kijana alikiandika. Kisha akafungua kabati. Viboksi viwili vilianguka sakafuni, akavirudisha kwa mguu.

"Sitakuficha," alisema. "Ungekuja ndani ya miezi ile ya mwanzo, ningekwambia Septemba uko chuoni. Leo nakwambia tunaanza, halafu tutaona. Yule mtu labda atanyamaza. Labda ataongea kwa chini. Hesabu zako sijui kama zitarudi zote. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Sasa fomu yangu inauliza. Mara ya kwanza kabisa kuomba msaada ilikuwa lini? Niandike leo?"

"Hapana," alisema Gwakisa. "Tarehe nane Julai, mwaka juzi. Saa mbili asubuhi, kabla ya mtihani wa aljebra."

Kalamu ya muuguzi ilisimama. Subilaga, aliyekuwa ameegemea mlango, akaweka mkono mdomoni.

"Ulimwomba nani, mwanangu?"

"Kile cha ukutani, bwenini. Walisema ni cha wagonjwa. Nikavuta kiti, nikakiambia, nasikia mtu, naogopa, naomba mniitie daktari. Nilikiambia siku sita mfululizo."

"Kikasemaje?"

"Kilisema asante kwa kuzungumza."

Mzee Ambakisye alitoka nje, wakasikia hatua zake zikienda na kurudi kwenye changarawe. Tulinagwe alijua kwamba akinyamaza sasa hivi hakuna atakayemlaumu, si dada yake, si muuguzi, na kwamba ukoo wake wote ungemsaidia kulizika jambo hili kwa heshima.

"Gwakisa," alisema. "Niliulizwa na mimi. Waliniuliza mara nane kuhusu wewe, na mara nane nikabonyeza bila kusoma."

Gwakisa aligeuza kichwa, akamtazama kwa muda mrefu, akiwa anasikiliza kwingine na kurudi. Tulinagwe alitaka amkasirikie. Alitaka amtukane, amfukuze mle chumbani, aseme neno lolote ambalo mtu aliyekosewa hivi ana haki ya kulisema.

"Ulikuwa na kazi nyingi, mama mdogo," alisema Gwakisa kwa upole. Kisha akakunja mikono ya sweta zake zote mbili, akamnyooshea muuguzi mkono.